Riwaya ya pili, mwaka wa nne sasa: ni kitu gani humshikilia mwandishi asiache?

Mwalimu wa Zamu (Singida) anauliza:

Ndugu wapenzi wa riwaya, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya kata. Mwaka 2017 nilichapisha riwaya yangu ya kwanza, nakala 1,000, na kwa miaka minne sasa naandika ya pili. Imefika sura ya saba, ndani ya kauntabuku ya pili, na hapo imekwama kama gari mchangani. Si kwamba sijui hadithi inakwenda wapi. Naijua hadi sentensi yake ya mwisho. Ninachokosa ni ile nguvu ya kukaa kitako kila siku na kuandika kitu ambacho hakuna mtu anayenidai.

Niruhusuni nieleze hali yangu ilivyo, ili nisijibiwe kwa maneno ya kutiana moyo tu. Nina mikondo minne ya kidato cha tatu, na kila wiki ya insha hurudi nyumbani na madaftari yasiyopungua 180. Nikimaliza kusahihisha ni saa nne za usiku, na Kiswahili changu chote kimeishia kwenye viambishi vya watu wengine. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, wa riwaya ya kwanza uliniingia mara mbili: mara ya kwanza ulitosha kununua mabati kumi na mawili, mara ya pili haukutosha nauli ya kuufuata. Mke wangu hanilaumu, lakini juzi aliniuliza kwa upole kama na hiki kitabu kitaleta mabati, nami sikuwa na jibu.

Waandishi wa riwaya wa lugha yetu, wale waliotoa kitabu baada ya kitabu kwa miaka ishirini au thelathini, walikuwa wakishikiliwa na nini? Ni fedha, ni kazi nyingine, ni watu, ni nidhamu, au ni kipaji fulani ambacho mimi sikujaliwa? Je, niache ualimu ili niandike, kama anavyonishauri rafiki yangu mmoja ambaye, lazima niseme, hajapata kuandika chochote?

Mhariri Mstaafu (Dar es Salaam) anajibu:

Mwalimu, usiache kazi. Naanza na hilo ili usisome maneno yangu yote huku moyo ukikudunda.

Nimehariri vitabu kwa miaka ishirini na sita, na hesabu ya riwaya ya Kiswahili naijua kwa kichwa. Chukua kitabu kinachouzwa shilingi 10,000. Duka hukata fungu lake, tuseme theluthi moja. Kinachobaki humrudia mchapishaji, na mwandishi aliyetia saini mkataba wa asilimia 10 hupata asilimia hiyo ama ya bei ya jalada, ama ya kile kilichobaki baada ya duka kukata. Nakala zote 1,000 zikimalizika, jambo ambalo kwa riwaya isiyosomwa shuleni huweza kuchukua miaka, mwandishi ameingiza kati ya shilingi 660,000 na 1,000,000. Ugawe mrabaha huo kwa miaka uliyoitumia kuandika, kisha ujiulize kama kuna mlinzi wa usiku atakayekubali kulipwa hivyo. Riwaya inayomlisha mtu ni ile iliyoingia katika orodha ya vitabu vya fasihi vya shule, na orodha hiyo haimngojei mwandishi wala haimwahidi lolote.

Kwa hiyo waliotutangulia hawakuwa wakiishi kwa riwaya. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na kukaa huko hadi 1944. Akapelekwa idara ya mifugo Mpwapwa, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi. Yaani vitabu tunavyovifundisha leo viliandikwa na mtu aliyekuwa na mkubwa wa ofisi juu yake na barua za uhamisho mfukoni. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika ilichapishwa 1967 na Utubora Mkulima 1968, kwa hiyo hizo hakuzishika mkononi zikiwa vitabu. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema alishikiliwa na mrabaha.

Au mtazame Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948, na baadaye akawa mhariri wa jarida la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Ya pili ilitoka lini? Mwaka 1968. Wewe unalia na miaka minne, yeye alipitisha minane, tena akiwa na tuzo kabatini. Baada ya kustaafu ndipo zilipoanza kufuatana kama mabehewa: 1973, 1974, 1975, 1976. Najua utaniambia kwamba huo ni ushahidi dhidi yangu, kwamba kazi ndiyo iliyomchelewesha. Sikatai. Lakini mstaafu ana pensheni, na pensheni nayo ni mshahara. Hakuacha kazi ili aandike, aliingoja kazi imwache.

Kuhusu sura ya saba, mimi nisingeharakisha kuiita imekufa. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya nne kati ya mwaka 1971 na 1979, kisha wasomaji wakangoja hadi 1990 ndipo ilipotoka Nagona. Katikati hapo alikwenda Wisconsin, Marekani, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1985, akatoa diwani ya mashairi mwaka 1988. Na riwaya iliyokuja baada ya kimya hicho haikufanana hata kidogo na zile nne za mwanzo. Kimya kingine ni cha kuchoka na kingine ni cha mtu anayebadilika, na aliye ndani yake hawezi kuvitofautisha.

Nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nilikuwa na mwandishi mmoja, karani wa reli, ambaye kila mwisho wa mwezi alipita ofisini kwetu na kuniachia kurasa zisizozidi kumi na mbili, zimeandikwa nyuma ya fomu za mizigo zilizokwisha matumizi. Ukigeuza ukurasa wenye mapenzi unakuta gunia ngapi za karanga zimetoka Tabora. Hakuwahi kuleta kurasa ishirini, wala hakuwahi kukosa mwezi. Miaka mitatu hivi baadaye tulikuwa na riwaya nzima, na nakiri kwamba kwa muda wote huo nilikuwa namngoja kuliko nilivyowangoja waandishi wenye majina makubwa.

Msimulizi wa Simu (Mbagala) anajibu:

Shikamoo Mhariri. Kwa heshima zote, mimi riwaya inanilisha, ingawa wasomi hawaiiti riwaya.

Naandika hadithi za mfululizo na kuzituma katika makundi ya WhatsApp kila siku saa mbili usiku, isipokuwa Ijumaa. Sehemu kumi za mwanzo ni za bure. Anayetaka kuendelea hulipa shilingi 2,000 kwa simu na kuingizwa katika kundi la waliolipia. Hadithi niliyonayo sasa ina wasomaji 340 waliolipa. Mhariri apige hesabu yake hapo: ni shilingi 680,000 kwa hadithi ninayoimaliza katika miezi miwili, na sijamwona mchapishaji wala duka.

Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Magazeti yetu yamechapisha hadithi za mfululizo kwa miongo mingi, na neno «itaendelea» limewafundisha Watanzania wengi kungoja kuliko walimu wao. Waandishi wa riwaya za upelelezi wa Dar es Salaam hawakukaa wakisubiri barua za wachapishaji. Ben Mtobwa aliyefariki mwaka 2008 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na vitabu vyake vikauzwa njiani kama vitu vingine vyote vinavyouzwa njiani. Kilichowashikilia kilikuwa wazi: msomaji aliyetoa fedha mfukoni na anayetaka kujua kilichotokea.

Kwa hiyo ninapomsoma Mwalimu akisema hakuna mtu anayemdai, naona ugonjwa wake uko hapo hapo. Mimi nadaiwa. Ikifika saa mbili na dakika tano sijatuma, simu inaanza kutetemeka mezani: «Vipi leo?», «Mtunzi, tumekukosea nini?» Sijui kama huo ni uhai wa sanaa, ila najua kwamba nimeandika kila siku kwa miaka mitano.

Nisiwafiche na ubaya wake. Mwaka jana nilimuua mhusika wangu wa kike katika sehemu ya 31, kwa sababu hadithi yenyewe ilitaka afe, na usiku ule ule watu zaidi ya arobaini wakaandika kwamba wanataka fedha zao zirudi. Nilimfufua kwa njia ya pacha. Pacha huyo ananiudhi hadi leo, maana anaongea kama marehemu na hana lake la kusema. Vilevile nikishikwa na malaria hakuna ruhusa ya ugonjwa. Niliwahi kuandika sehemu nzima nikiwa kwenye dripu, kwa kidole kimoja. Na kila sehemu ninayoituma huchukua chini ya saa moja kufika katika makundi ambayo hayajanilipa hata senti, tena jina langu likiwa limefutwa na la mtu mwingine kuwekwa. Mwalimu akitaka wa kumdai, wapo wengi, lakini achague wachache.

Bi Mkubwa wa Makorora (Tanga) anajibu:

Wanangu, nimewasoma nyote na nimefurahi, ila naona mnazungumza kana kwamba riwaya huandikwa na mikono isiyokula.

Nilisoma zamani habari za Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta na akaandika riwaya 47. Kila siku alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, ameweka saa mbele yake, anajilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa, halafu anakwenda kazini. Hadithi hiyo hupendwa sana na wanaume wanaohubiri nidhamu. Kipande wanachokiruka ni hiki, na mwenyewe Trollope amekieleza bila kuficha: alikuwa na mtumishi mzee aliyemlipa paundi 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, na alikiri kwamba huenda mzee huyo ndiye aliyemsaidia kufanikiwa kuliko mtu mwingine yeyote. Basi mimi kila nikisikia neno nidhamu huuliza: na kahawa kaleta nani?

Nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja. Nimeandika riwaya mbili, moja imechapishwa. Nyingine ilipotelea kwa mchapishaji ambaye hakuwahi kuniambia kama aliipokea, na wakati huo nilikuwa na nakala moja tu, kwa hiyo ile imekwenda na maji. Niliandika baada ya sala ya alfajiri hadi watoto walipoamka, kama saa moja na nusu kwa siku, ukiondoa siku za zamu ya usiku. Lakini saa moja na nusu hiyo haikutoka mbinguni. Ilitoka kwa wifi yangu, aliyekuwa akiishi nasi, ambaye alikubali kuwasha moto na kuwaandaa watoto kwa sharti moja tu: kwamba kila Jumamosi jioni nimsomee nilichoandika. Hakujua kusoma, na hadithi aliipenda kufa.

Tulikuwa tunakaa uani. Yeye juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi wa usiku, mimi kwenye jamvi na daftari langu. Hakuwahi kunipa maoni hata mara moja. Nilipomuuliza alikuwa anasema «nzuri, endelea». Nikajifunza kuisikiliza mbuzi badala yake. Mahali mkono uliposimama, nazi imeshikwa hewani na machicha yanadondoka moja moja, nilijua hapo pameshika. Mahali ambapo sauti ya kukuna iliendelea kwa mwendo ule ule, kwrr, kwrr, kurasa mbili nzima, nilizipiga mstari kesho yake. Kuna sura moja ya mazishi niliyoiandika upya mara nne kwa sababu ya nazi ile. Alifariki mwaka 2009, na tangu hapo nimeandika kurasa chache sana, ingawa sasa nimestaafu na muda ninao tele. Mhariri anasema ngoja pensheni. Pensheni ninayo, mwanangu, wa kukuna nazi ndiye sina.

Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, aliandika kabla ya mapambazuko akiwa mhariri wa vitabu New York na mama wa wavulana wawili aliowalea peke yake, na mfano huo hutumiwa kutuambia wanawake kwamba inawezekana. Naam, inawezekana. Inawezekana pia kubeba ndoo mbili na mtoto mgongoni, nami nimefanya.

Mwalimu, naomba unijibu mambo mawili. Kwanza, umesema mkeo hanilaumu, yaani hakulaumu. Je, umewahi kumsomea? Pili, nitumie sura hiyo ya saba na zile zilizotangulia. Piga picha kurasa za kauntabuku kwa simu, macho yangu bado mazima. Sina nazi, lakini nitakuambia ukweli.

Mwalimu wa Zamu anajibu:

Shikamoo Bi Mkubwa. Jibu la swali lako la kwanza limenitia haya: sijawahi. Nilijiambia kwamba atachoka, kwa kuwa naye hushinda sokoni na kurudi saa kumi na mbili jioni. Ukweli nadhani ni kwamba niliogopa angesema «nzuri» kisha aendelee na shughuli zake.

Picha nimekutumia usiku huu, kurasa 163. Uniwie radhi kwa madoa ya chai katika sura ya pili.

Ndugu Msimulizi, habari ya pacha imenichekesha, kisha ikanitisha. Sidhani kama naweza kuandika nikiwa na watu 340 nyuma ya mgongo wangu. Mzee wangu Mhariri, umenipunguzia mzigo kwa hesabu ya miaka minane, ingawa bado sijui huyo aliyeandika nyuma ya fomu za mizigo alipata wapi nguvu hizo. Alikuwa na nini?

Msomaji wa Eldoret anajibu:

Nimechelewa kufika, na mengi yamekwisha kusemwa, kwa hiyo nitaongeza yale niliyoyaona kama mtu anayefundisha fasihi chuoni na asiyeandika riwaya mwenyewe.

Mfano wa jela naomba tuuache. Kila mjadala wa aina hii hapa Kenya hufika kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya yake ya Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Jambo hilo ni kweli, nalo ni la kutetemesha. Lakini nimewaona wanafunzi wakilichukua kama hoja kwamba mwandishi wa kweli hahitaji chochote, hata karatasi. Ngũgĩ hakuandika vyema kwa sababu alifungwa, na wala si kila mwenye akili aliyefungwa alitoka na kitabu. Hata Adam Shafi wa Zanzibar, aliyewekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, alitoa riwaya ya kizuizi hicho mwaka 2003, miongo mitatu baadaye. Shafi huyo huyo aliwangojesha wasomaji miaka ishirini kamili kati ya Kuli ya 1979 na Vuta N'kuvute ya 1999, akiwa mwanahabari. Mwalimu, kwa kipimo hicho wewe bado unakimbia.

Mtu ninayemfikiria zaidi nikisoma swali lako ni Naguib Mahfouz wa Misri. Si wa lugha yetu, ila ni mtumishi wa serikali kama wewe. Aliajiriwa serikalini katika miaka ya 1930 na hakutoka hadi alipostaafu mwaka 1971, baada ya kutoa sehemu kubwa ya riwaya zinazomfanya ajulikane. Tuzo ya Nobeli ilimkuta mwaka 1988. Ofisi haikumpa mshahara peke yake. Ilimpa makarani, wadai haki, wapanda vyeo na wanaonyimwa vyeo, na baada ya saa za kazi mikahawa ya Kairo ilimpa marafiki wale wale, meza ile ile, kwa miaka. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 82, alichomwa kisu shingoni mbele ya nyumba yake, na mishipa ya fahamu ya mkono wake wa kuandikia ikaharibika. Ilimbidi ajifunze upya kuandika, kwa muda mfupi sana kila siku. Akaacha riwaya ndefu, akaandika vipande vya nusu ukurasa, vingi vikiwa ndoto zake. Kwangu mimi hapo ndipo pa kutazama: mkono ulipokataa urefu, hakuacha kuandika, alipunguza urefu. Mwalimu, kama saa nne ya usiku haikupi sura nzima, je, inakupa nusu ukurasa? Nadhani karani wa reli wa Mhariri, na kurasa zake kumi na mbili kwa mwezi, alikuwa mtu wa mahesabu ya namna hiyo. Sina hakika kama alikuwa na nguvu kukuzidi. Huenda alijidai kidogo tu.

Tuzo nazo zimetajwa kwa kupita. Ipo tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal-Cornell, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ambayo mshindi wake wa kwanza hupata shilingi milioni 10 za Tanzania. Milioni 10 ni mabati mengi. Hata hivyo faida ninayoiona kwa watu ninaowafahamu si fedha, ni tarehe ya mwisho ya kupokea miswada. Wengi wao walimaliza riwaya kwa sababu dirisha lilikuwa linafungwa, hawakushinda, na bado wana riwaya iliyokamilika.

Jambo la mwisho, ambalo nadhani Mhariri amelipita, ni lugha yenyewe. Umesema Kiswahili chako huishia kwenye viambishi vya watu wengine. Hilo ni zito kuliko uchovu wa mwili. Mtu anayeshinda akisoma lugha yenye makosa, akiitafuta kwa jicho la kuikosoa, hufika jioni sikio lake limekauka. Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, alipitia ualimu, kazi ya kuwasimamia waliohukumiwa vifungo vya nje, utangazaji wa runinga na uhadhiri, na nilipokuwa nikisoma riwaya zake nilihisi kila mara kwamba sikio lake limeshiba; amewasikia watu wengi wakizungumza bila kuwasahihisha. Mnada wa Singida uko karibu nawe. Nenda pale siku ya mnada bila kalamu nyekundu.

Mhariri Mstaafu anajibu:

Msomaji wa Eldoret amenisahihisha kwa adabu na ninakubali. Mwalimu, umeniuliza yule karani wa reli alikuwa na nini. Nimekumbuka usiku huu kwamba kurasa zile zilikuwa na mwandiko wa aina mbili: wa mwandishi, na mwingine mdogo wa penseli pembeni, uliokuwa ukiweka alama ya kuuliza penye uongo. Siku zote nilidhani ni wake mwenyewe. Sasa sina hakika.

Mwalimu wa Zamu anajibu:

Nawashukuru wote. Sitaacha kazi. Jumapili nilimsomea mke wangu sura ya kwanza, akiwa anachambua mchele. Alichambua hadi mwisho bila kusimama hata mara moja, kisha akaniuliza kwa nini yule mjomba hanyoi ndevu. Sijui kama hilo ni jema au baya. Jumatatu usiku, baada ya madaftari, niliandika nusu ukurasa kuhusu ndevu hizo.

Bi Mkubwa wa Makorora anajibu:

Nimemaliza kurasa zote 163. Sura ya tatu ina maneno mengi ya mwalimu, yakate. Ya tano nimeisoma mara mbili na sikukoroga chai yangu hadi ikapoa. Sasa niambie jambo moja, mwanangu: huyo mjomba mwenye ndevu, katika sura ya nne alikatwa mguu wa kulia pale kiwandani, ilikuwaje katika sura ya saba avue kiatu cha kulia mlangoni? Nadhani hapo ndipo gari lako lilipokwama. Rekebisha, kisha unitumie ya nane. Mimi Jumamosi jioni sina shughuli.